Kiindonesia na Adabu za Ulimi

Ndugu Waislamu, Mswahili anayejifunza Kiindonesia, lugha ya nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, hukuta Kiarabu kimekwisha mtengenezea njia. Habari wao huiita kabar, wakati ni waktu, na dunia ni dunia vile vile.

Hata hivyo, msamiati pekee hautoshi. Mtu mzima haitwi kwa jina tupu, bali hutanguliziwa Bapak au Ibu, yaani baba au mama. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mkono wa kulia. Kijana akiulizwa kama ameoa, hajibu “tidak”, yaani hapana, bali “belum”, yaani bado, kwani kheri hiyo ingali ikitarajiwa.

Ifikapo Idul Fitri, watu huombana radhi wakisema, “Mohon maaf lahir dan batin”, yaani naomba msamaha wa dhahiri na wa batini. Maneno hayo huhifadhiwa kwa dakika moja. Lakini anayeyatamka huku moyo wake ungali na kinyongo juu ya nduguye, amejifunza nusu tu. Hilo latuhusu na sisi tunaopeana mikono ya Idd kila mwaka.

Allah (SW) atusafishie ndimi na nyoyo zetu. Amin.