Fahamu: Droni huthibitishwaje kupitia mtandao wa simu?

Ni nini?
Ni utaratibu wa kuhakikisha droni ndiyo hiyo inayodai kuwa, kwa kutumia mtandao wa simu.

Kwa nini sasa?
Marekani ilianza kuwabana warushaji Machi 2024: droni nyingi lazima zitangaze namba na mahali zilipo kwa Wi-Fi au Bluetooth. Lakini tangazo hilo halilazimiki kuwa na saini ya kidijitali. Hapo ndipo penye hatari, maana tapeli anaweza kutangaza namba ya droni ya mwenzake. Uthibitisho kupitia mtandao wa simu unalenga kuziba pengo la aina hiyo.

Hufanyaje kazi?
Laini ya simu (SIM) iliyomo ndani ya droni hubeba ufunguo wa siri. Mtandao hutuma swali. Laini hulijibu bila kuutoa ufunguo. Kisha, kwa viwango vya mitandao ya simu vya 3GPP, toleo la 17, mtandao huuliza mfumo wa kusimamia droni kama chombo kimeidhinishwa. Idhini yaweza kufutwa hata kikiwa angani.