Kuandaa Maikrofoni kwa Masomo ya Sauti

Somo tunalorekodi hapa Kigoma laweza kufika Kagunga, mpakani na Burundi, likiwa ndani ya simu ya abiria wa boti. Katekista wa kule hawezi kunyoosha mkono aombe turudie. Akisikia nusu, atafundisha nusu. Ndiyo maana maandalizi yatangulie kurekodi.

Kwanza, chumba. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na kunguruma ndani ya maikrofoni. Mvua nayo hupiga mabati. Tufunge madirisha na kutundika blanketi ukutani kupunguza mwangwi.

Pili, tuchomeke maikrofoni, kisha tuichague katika mipangilio ya sauti ya kompyuta. Tusipoichagua, kompyuta yaweza kutumia maikrofoni yake ya ndani, inayonasa hata feni. Tuiweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi isiipige.

Tatu, tufungue Audacity, programu ya bure, na tuchague chaneli moja. Tusome kwa sauti ya kawaida huku vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6. Vikifika 0, sauti hukwaruza, na hakuna programu itakayoirejesha kikamilifu.

Turekodi dakika moja ya majaribio, tuisikilize kwa hedifoni, ndipo tuanze somo. Tukimaliza, tuhifadhi kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 10 hazifiki megabaiti 5, mzigo ambao hata simu ndogo huubeba.