Cherehani Barazani, Jembe Uwani

Wadada wa ofisini mtanielewa nikisema hivi: siku tano za kazi zinataka nguo zisizopungua tano, na watu wana macho. Rudia gauni la Jumatatu siku ya Alhamisi uone, kuna mtu atalitambua kabla hujafika mezani kwako. Sasa piga hesabu. Gauni moja la heshima katika maduka ya hapa Arusha mjini linaondoka na shilingi 60,000 mpaka 80,000. Mtumba mzuri unaokaa mwilini nao si wa bei ya zamani tena. Kitenge ukimpelekea fundi kinataka pesa ya kitambaa, pesa ya ufundi na, juu yake, uvumilivu. Fundi akikwambia njoo Ijumaa, we mwenyewe unajua hajasema Ijumaa ya lini.

Kwetu hesabu hiyo ilibadilika Julai mwaka jana, mume wangu alipopunguzwa kazini. Walikuwa watu kumi na wawili, barua zao zimeandikwa maneno yale yale. Wakalipwa haki zao, wakapeana mikono, basi. Jioni ile alinikuta jikoni, akaiweka barua mezani karibu na nyanya, akasema, "Mama, soma." Hakusema lingine mpaka kesho yake. Tulikuwa na mtoto mmoja shule ya awali, nyumba ya kupanga, kiwanja chenye msingi uliosimama, na kuanzia siku hiyo mshahara mmoja, wa kwangu.

Jumamosi tukakaa na daftari. Ada haiguswi. Kodi haiguswi. Dawa za mama mkwe haziguswi. Ukishatoa visivyoguswa, kilichobaki ni nauli, saluni na nguo zangu. Saluni ilikuwa rahisi, nikasuka twende kilioni. Nguo ndizo zilizoleta maneno. Mume wangu alitaka niendelee kununua kama zamani, akasema mkewe hawezi kwenda kazini kama mtu aliyefiwa. Mimi niliona kwamba ukinunua gauni huku mwenzio anakuomba hela ya vocha, gauni hilo haliwezi kukupendeza hata likiwa saizi yako. Wanandoa mliopita msimu wa namna hii mnajua: pesa haigombanishi watu kwa kukosekana tu. Inagombanisha kwa nani anaomba na nani anatoa.

Mama mkwe ndiye aliyetutoa hapo, wala hakujua. Alikuwa na cherehani ya miguu, Singer nyeusi, aliyowashonea watoto wake sare za shule, mume wangu akiwemo. Tangu magoti yamsumbue ilikuwa imefunikwa kanga chumbani kwake Rombo. Nilipompigia kumjulia hali nikamtajia kwamba natamani kushona, akacheka. "Mwanangu, cherehani ikikaa bila kushona inakufa. Aje mwanao wa kwanza aichukue." Mwanangu wa kwanza ndiye huyo mume wangu, ndivyo anavyotutania. Akaipandisha basi, akaifikisha nyumbani salama, akakaa nayo siku mbili akiipaka mafuta na kubadilisha mkanda wake wa ngozi. Zilikuwa siku mbili za kwanza kumsikia akipiga mluzi tangu ile barua.

ANZA NA SKETI

Jirani yetu ni bibi mmoja aliyestaafu ufundi. Nilimwendea na mkungu mdogo wa ndizi, nikampa shikamoo, nikasema shida yangu. Alinipa somo moja kubwa, nami nawapa bure: anayeanza asianze na gauni. Gauni lina kifua, lina zipu, lina mikono, na vyote vinataka kukaa sawa kwa wakati mmoja. Anza na sketi ya lastiki. Ikitoka vizuri unaivaa na blauzi nyeupe uliyonayo, na hakuna ofisini atakayejua kwamba juu kuna lastiki.

Kwanza kitambaa. Kwa nguo ya kazi chukua kitenge cha pamba. Cha polista kinang'aa dukani, lakini saa nane mchana utaujua ubaya wake. Muuzaji akikuapia kwamba ni pamba, omba nyuzi mbili tatu za pembeni, ziwashe kiberiti mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukifika nyumbani kiloweke, kifue, kianike, kipige pasi, ndipo ushike mkasi. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na ni heri irudi ikiwa kitambaa kuliko irudi ikiwa sketi.

Sasa vipimo. Chukua futi ya fundi, pima sehemu pana ya nyonga zako. Tuseme ni inchi 40. Ongeza 4 za kupumulia, zinakuwa 44. Gawa kwa mbili upate 22, kisha ongeza inchi 1 ya mishono, nusu kila ubavu. Inchi 23 ndiyo upana wa kila kipande, cha mbele na cha nyuma. Urefu pima kutoka kiunoni mpaka chini ya goti. Ikiwa ni 27, ongeza 2 za kupitishia lastiki juu na 2 za pindo chini, jumla 31. Vipande viwili vikifuatana ni inchi 62, na yadi 2 zina inchi 72, kwa hiyo yadi 2 zinatosha na chenji inabaki. Kitenge cha upana wa inchi 45 kitakuachia pia ubavuni kipande kirefu cha kukatia mifuko. Mfuko usiuache! Nguo za kike za dukani zinatunyima mifuko kana kwamba sisi hatuna funguo wala simu.

Unganisha mbavu mbili, piga pasi mishono ifunguke. Juu kunja nusu inchi, kunja tena inchi moja na nusu, shona kuzunguka ukiacha upenyo wa inchi 2. Kata lastiki ya upana wa inchi 1, urefu wake kiuno chako toa inchi 2, ichomeke pini mbele, ipitishe, unganisha ncha, ziba upenyo. Pindo la chini ukiweza lishone kwa mkono, lionekane la kitaalamu. Sindano ya mashine namba 14 inafaa kwa kitenge cha kawaida. Na pasi iwe moto muda wote ukiwa umekaa kwenye mashine. Bibi jirani anasema nusu ya ushonaji ni pasi, nami baada ya sketi sita namwamini.

Nguo yangu ya kwanza ilinichukua Jumamosi nzima na Jumapili baada ya kanisa. Kitambaa shilingi 14,000, uzi na lastiki 2,500. Siku hizi sketi moja naimaliza mchana mmoja. Ofisi yetu haina sheria ya mavazi iliyoandikwa kama watumishi wa umma, ambao wana waraka wao tangu mwaka 2007, lakini bosi wetu mama mmoja ana jicho kuliko waraka wowote. Alinisimamisha koridoni. "Fundi wako yuko wapi?" Nikamjibu yuko nyumbani, nikapita.

Mama mkwe nilipompelekea kitenge kimoja akakipapasa, akaniambia vya Urafiki vilikuwa vizito zaidi. Kiwanda kile cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kwa watu wa umri wake kitambaa kingine chochote ni wageni tu. Sikumwambia kwamba hata kitenge chenyewe kilikuja kwa mzunguko: Waholanzi wa Vlisco, kampuni iliyoanza mwaka 1846, waliiga batiki za Java kwa mashine wakaja kuziuza Afrika Magharibi. Mtu anayekufundisha kutia uzi kwenye sindano humpi somo la historia.

MVUA ZA VULI NA YALE MATUTA

Sasa huku uwani. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna kipande cha ardhi, hatua kumi kwa sita hivi, kilichokuwa cha kuanikia nguo na kutupia matofali yaliyovunjika. Agosti mume wangu akaanza kukichimba. Agosti, mwezi mkavu, vumbi tupu! Anaamka mtoto akishaondoka na gari la shule, anachimba mpaka saa tano, anaoga, anakaa kwenye kompyuta kutuma maombi ya kazi. Sikuuliza. Aliokota matofali akazungushia matuta manne, akabeba samadi ya ng'ombe iliyoiva kwa viroba, akaichanganya na udongo, akafunika na majani makavu. Mwezi mzima hakuna hata jani moja la kijani, na jirani mmoja akaniuliza kwa sauti ya huruma kama shemeji yupo sawa.

Wageni wa nchi za baridi wana majira yao ya maua. Sisi wa huku tuna vuli, na mimi siibadilishi na yao. Oktoba mijakaranda inaanza. Mti huu asili yake ni Amerika Kusini, lakini ukiuona Arusha Oktoba na Novemba, barabara imetandikwa zambarau, utadhani ni wa Wameru tangu zamani. Kisha mawingu yanakaa juu ya Mlima Meru siku mbili tatu yakitutania. Kisha inanyesha. Jioni ile ile kumbikumbi wakajaa kwenye taa ya baraza, mtoto akawakimbiza na sufuria. Mnana wakaanza kufuma viota kwenye mti wa jirani kwa kelele za soko zima. Na pembeni ya uzio, mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu, likachomoza ua jekundu la duara kama mpira, shina tupu halina jani. Linakaa ardhini kama kitunguu mwaka mzima likisubiri mvua tu.

Mume wangu alikuwa tayari. Miche ya sukuma wiki na figiri aliinunua soko la Tengeru, Jumatano, siku ya gulio. Mchicha alimwaga mbegu mwenyewe, na baada ya wiki nne tulikuwa tunachuma. Matembele na mchaichai ni vijiti tu vya kuomba kwa majirani. Waridi mbili alizipanda mbele ya baraza, hakusema ni za nani.

Hapo ndipo kazi zetu mbili zilipokutana. Umeme kwetu una tabia zake, na cherehani ya miguu haihitaji umeme, inahitaji mwanga. Kwa hiyo Jumamosi mchana tunaitoa barazani. Mimi nashona, yeye yuko matutani hatua chache mbele yangu, mgongo kanipa. Mpenzi msomaji, wataalamu wa mapenzi wanatuambia tukae ana kwa ana tutazamane machoni tuongee. Mimi nasema mwanaume aliyepoteza kazi usimtazame machoni. Mpe kitu cha kushika, nawe shika chako, halafu usikatize ukimya.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Napiga pindo, yeye anapalilia. Akasema bila kugeuka, "Unajua nikiwa hapa nachimba, hakuna anayeniuliza kama nimepata kazi." Sikuacha kukanyaga mashine. Baada ya muda akaendelea, akanihadithia usaili wa mara tatu ambao sikuwa najua hata kama ulikuwepo. Mmoja walimwambia ana uzoefu mwingi mno. Alikuwa anavaa tai mtoto akishaondoka, anakwenda, anarudi, anabadilisha nguo, anachukua jembe, ili mimi nikirudi jioni nisije nikatumaini bure. Miezi minne, yaani, ameubeba peke yake. Nilishona pindo lile likaenda upande, nikalifumua lote kesho yake.

Kuna watu watatu ofisini wamenitaka niwashonee kwa malipo. Nimekataa, na wapo walionishangaa. Siku hizi kila kitu mtu anachokipenda kinatakiwa kuitwa mradi. Nikichukua oda, Jumamosi inakuwa ya wateja, na mimi ndiye nitakayekuwa nasema njoo Ijumaa. Mboga pia hatuuzi. Tunakula, tunagawia majirani, na kwenye daftari ule mstari wa nguo na mstari wa mboga vimebana kiasi kwamba Januari tulirudisha nusu ya pesa ya saruji.

Mwezi Machi mwaka huu mume wangu alipata mkataba wa miezi sita, Babati. Si kazi aliyosomea hasa, na mshahara ni mdogo kuliko wa zamani, lakini alikwenda. Anarudi kila baada ya wiki mbili. Masika imeshika, magugu yanapanda usiku kucha, na mimi jembe ndilo naanza kulizoea. Ananipigia saa mbili usiku, kwanza anamuulizia mtoto, pili figiri.

Nimeanza kumshonea mashati ya kazini. Kola ya kawaida bado inanishinda, kwa hiyo la kwanza nililiwekea ile ya kusimama, kama ya Kichina, nikalinyoosha, nikalifunga kwenye gazeti pamoja na mchicha. Akaniambia wenzake wamemuuliza kanunua wapi. La pili nimeshalikata, lipo mezani, na yeye anakuja Ijumaa. Ijumaa ya wiki hii.