BIBI YAKO ANAANDIKWA WAPI?

Ndugu mutumishi, na wewe mama wa nyumba,

Ku dispanseri tunaona jambo moja mara nyingi. Mwanamuke anafika na mimba ya miezi minane, karte iko mukononi, lakini jina la karte si lake. Ni jina la bibi wa zamani, ao la dada ya bwana. Tukimuuliza, anainamisha macho. Leo tuongee juu ya jambo hili bila haya, maana linagusa afya, mushahara na kesho ya watoto wenu.

NANI ANA HAKI?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwambia mwenye kutoa kazi: utamutunza mutumishi na jamaa yake wakati wa ugonjwa, aksida, mimba na kuzaa. Jamaa ni bibi ao bwana wa ndoa, na watoto. Mwanamuke mwenye kukaa nawe tu, ile inaitwa katika Congo yote «yaka tofanda», hahesabiwi kama bibi, hata mukikaa miaka kumi na kuzaa watoto watano.

Wengi wanajibu: «Lakini mimi nilitoa mali kwa wakwe, jamaa yote ilikula na kunywa!» Vizuri. Ndoa ya jamaa ni ndoa ya kweli. Lakini sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotengenezwa upya tarehe 15 Julai 2016, inataka ndoa hiyo iandikwe ku etasivili katika mwezi mumoja. Biro haioni mbuzi wala pombe ya wakwe. Biro inaona karatasi ya ndoa. Baraka ya kanisa peke yake, nayo haitoshi.

Wengine wanasema: «Ninangojea kwanza kumaliza mali.» Musijidanganye. Sheria inakubali ndoa hata kama sehemu tu ya mali imetolewa.

Na watoto? Sikilizeni vizuri: mutoto hana kosa. Aliyezaliwa inje ya ndoa ana haki sawa na wengine, basi baba amutambue mbele ya etasivili. Kuandikisha mutoto ni bure katika siku 90 tangu kuzaliwa. Kisha leta karatasi yake ku biro ya watumishi, usiifungie katika sanduku.

KARTE HAIAZIMWI

Karte ya matunzo si tikiti ya posho. Ndani yake tunaandika aina ya damu, dawa zenye kumudhuru mugonjwa, namna alivyozaa mbele. Siku ya haraka, munganga anasoma karte ile na kuifuata.

Tuseme mwenye karte alizaa vizuri mara tatu, lakini yule aliyeiazima alizaa mara ya mwisho kwa operasio. Tutamuacha asukume kwa muda murefu, na kovu la kizazi linaweza kupasuka. Mama na mutoto watakuwa katika hatari ya kufa.

Tuseme tena damu ya mwenye karte ni «pozitifu», na ya mwenye kuiazima ni «negatifu». Mama wa negatifu akizaa mutoto wa pozitifu, anapaswa kupata sindano ya pekee katika saa 72, ili kulinda mimba zitakazofuata. Karte ya uongo itafanya asiipate. Mimba nyingine ikikuja, mutoto anaweza kufia tumboni, na watu wataanza kutafuta mulozi katika jamaa.

SIKU YA KIFO

Mutumishi akifa kwa aksida ya kazi, CNSS, ile iliyoitwa INSS mbele ya mwaka 2018, inatafuta mujane na yatima kwa kufuata karatasi. Mwanamuke aliyemufulia kombinezoni miaka kumi na mbili, lakini hana karatasi ya ndoa, atasimama inje ya mulango. Bibi wa kwanza, walioachana naye kwa maneno tu bila tribinali, ataitwa ndani, maana mbele ya sheria yeye angali bibi. Marehemu hawezi kuamuka ili kusahihisha dosie yake.

UFANYE NINI?

Kwanza, uende ku biro ya watumishi na kuuliza: «Katika dosie yangu kunaandikwa nani?»

Pili, kama mulioana kwa jamaa, muende ku komine pamoja na mashahidi wa kila upande. Hata mwezi ule ukipita, muende tu, mutaonyeshwa njia ya kufuata.

Tatu, kama mulitengana na bibi wa zamani, maliza kwanza ku tribinali. Sheria haikubali bibi wawili.

Ine, julisha biro kila badiliko: kuzaliwa, kifo, kuachana, mutoto aliyeoa ao kuolewa. Kama bwana na bibi wote wawili wanafanya kazi, museme wazi ku pande zote mbili ni nani anayepokea feza ya watoto.

Tano, usimuandike dada ao shemeji mahali pa bibi. Uongo katika karatasi ni kosa kubwa: feza uliyopokea inaweza kuombwa irudi, na kazi yenyewe inaweza kupotea.

Na wewe mama ambaye ndoa yako haijaandikwa, kuja ku dispanseri kwa jina lako mwenyewe, hata kama utaombwa kulipa. Afazali kulipa kuliko kutunzwa kwa damu ya mutu mwingine. Kisha, jioni, bwana akirudi kazini na kumaliza kula, umuulize bila kelele: «Baba Fulani, mimi ninaandikwa wapi?» Akikosa jibu, kesho muende ku komine pamoja.