Adabu ya Ngozi Katika Nchi ya Mbozi na Tunduma

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na ambao makao makuu yake ni Vwawa, una hali mbili za hewa zisizopatana. Huku juu, Mbozi, Ileje na Tunduma, ambako sehemu kubwa ya ardhi imeinuka sana juu ya usawa wa bahari, kipupwe cha Juni na Julai huja na upepo mkavu unaopasua midomo na kuchimba magaga visiginoni. Huko chini, Kamsamba na Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, joto na jasho huwatoa watoto harara shingoni na kuwaletea wakubwa mba vifuani na migongoni. Basi si ajabu kwamba Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya, Wawanda na majirani zao, ambao aghalabu hulima na kuteka maji juani mchana kutwa, waliihesabu ngozi kuwa amana ya nyumba nzima, wala si shughuli ya mtu mmoja mbele ya kioo. Mtoto aliyeonekana njiani miguu imepauka hakulaumiwa yeye. Aliyesemwa ni mama yake, na pengine bibi yake pia.

Katika mafuta yaliyotumika zamani, yale ya mbarika, ambao wengi siku hizi huuita mnyonyo, ndiyo yanayostahili kuelezwa kwa wasaa, kwa kuwa mti wenyewe huota bila kupandwa, nyuma ya nyumba na penye majalala, na kazi ya kuyatoa ilihitaji subira zaidi kuliko fedha. Mbegu huanikwa juani hata maganda yakapasuka, hukaangwa kidogo, hutwangwa kinuni zikawa rojo, na rojo hilo huchemshwa katika maji mengi kwa moto wa taratibu, mpaka mafuta yaelee juu na kuenguliwa kwa upawa, kisha yakapashwa moto mara ya pili ili maji yaliyosalia yakauke. Anayeona kuwa uchemshaji huo ni adha ya bure na afahamu kwamba mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini, ambayo haichanganyiki na mafuta, bali hubaki katika makapi, na ambayo huharibiwa na moto; kwa sababu hiyo makapi mabichi hayafai kupewa mbuzi wala kuku, na mbegu zenyewe si za kuachiwa watoto wachezee. Mafuta yakishapatikana ni mazito, yana harufu isiyompendeza kila mtu, lakini hukaa mwilini na kuzuia unyevu usitoke, na ndiyo maana yafaa yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na umajimaji, kwani aliyejipaka akiwa amekwisha kukauka ameufungia ukavu ndani.

Mbarika haukuwa peke yake. Bonde la Momba lina ufuta, ambao leo ni zao la biashara linalosafirishwa mbali, na karanga zimo karibu katika kila shamba; wafugaji, wakiwamo Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao katika miongo ya karibuni, wana samli. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa za viwandani zilipoadimika madukani kote nchini, hata watu wakafua nguo kwa majani ya mpapai, nyumba zilizokuwa na ujuzi huu wa jikoni hazikuadhirika sana.

Mwenye haki ya kwanza katika mafuta hayo alikuwa kichanga. Bibi humlaza juu ya mapaja yake yaliyonyooshwa, akamkanda taratibu mgongo, mabega na magoti, huku akimnong'oneza maneno ambayo hayana maana ila kwao wawili. Na mama mzazi, aliyechoka na anayejifunza, hutazama. Sayansi haikuidharau ada hii. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa, na alizeti, kama ajuavyo kila mkulima wa Mbozi, si kitu cha kuagiza ng'ambo. Hata hivyo sitaki kuitakasa jadi yote: kinyesi cha ng'ombe kilichopakwa katika vitovu vya watoto sehemu nyingi za Afrika kiliwaletea pepopunda, na heri desturi hiyo ife.

Ngozi ilitumika pia kutangaza cheo cha mtu katika umri wake. Ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ambao Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1890, na ambao uliwagawa Wanyamwanga katika serikali mbili, wanaishi Wabemba, ambao bibi mmoja Mwingereza, Audrey Richards, alishuhudia unyago wao mwaka 1931 na kuutungia kitabu, Chisungu, kilichotoka mwaka 1956. Humo unga mwekundu wa mti na udongo mweupe hupakwa wasichana ili waonekane wamevuka daraja. Watu wa pwani, wenye singo na liwa kwa bibi harusi, hawatauona mwenendo huo kuwa mgeni. Rangi ile ilioshwa, na ngozi ikabaki ile ile aliyozaliwa nayo mwanamwali.

Hapo ndipo Tunduma ya leo ilipoachana na wazee. Mji huu wa malori, unaotazamana na Nakonde ng'ambo ya mpaka na kupitiwa na barabara kuu na reli ya TAZARA, hupokea kila aina ya shehena, na katika vijiduka vyake mtu hakosi kusikia habari za mkorogo: krimu zilizochanganywa ili kuichubua ngozi iwe nyeupe. Humo mna zebaki, ambayo hudhuru figo. Mna haidrokwinoni, ambayo mwisho wake yaweza kuleta madoa meusi mabaya kuliko rangi iliyokimbiwa. Mna steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kujaa michirizi. Viungo vya vidole hukataa kubadilika, vikabaki vyeusi, vikamshuhudia mwenyewe. Vipodozi vya namna hiyo vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS; lakini maadamu wanunuzi wapo, hakuna mpaka usiopenyeka. Kwa maoni yangu kosa si la urembo, kwani wazee nao walipenda kung'aa; kosa ni kumfanya msichana aione ngozi yake kuwa deni la kulipwa.

Maradhi madogo yalikuwa na dawa zake: mwarobaini uliochemshwa kwa upele, utomvu mweupe wa mshubiri kwa jeraha la moto (ule wa manjano huwasha, uachwe udondoke kwanza), asali ya misituni kwa kidonda kisichotaka kufunga. Limau sisifu, maana juisi yake ikiwa juu ya ngozi, na jua likaipata, huunguza. Wala hakuna mafuta ya jikoni yatakayomkinga na jua mwenye ualbino. Huyo ahitaji kofia pana, mikono mirefu, na krimu maalumu ya kukinga jua, kama ile ya Kilisun itengenezwayo Moshi.

Nawe msomaji, ukiona mwilini mwako, au mwa mtoto wako, baka lililopauka ambalo ukiligusa halisikii, usilipake mafuta ya mbarika wala kitu kingine chochote: huenda ni ukoma, na ukoma huponyeka. Nenda zahanati mapema. Dawa zake hutolewa bure.