Matabaka ya Oldupai na Kitabu cha Mwanzo

Kila shule au kikundi cha vijana wa parokia kinapopanga safari ya Ngorongoro, hakosi mzazi wa kuuliza: je, huko Oldupai watoto hawatafundishwa kwamba Biblia inasema uongo? Swali hilo si la kubezwa. Kijana akirudi Bariadi akidhani kwamba ni lazima achague kati ya mwalimu wake na katekista wake, tumempotezea kitu kikubwa.

Korongo la Oldupai liko katika mkoa jirani wa Arusha, kwenye tambarare kati ya Serengeti na milima ya Ngorongoro. Jina lake ni la Kimaasai, nalo ni la mkonge-mwitu uotao huko. Wageni walilisikia vibaya wakaandika “Olduvai”. Korongo lina urefu wa kilometa 48 hivi, na kina chake hufikia mita 90. Zamani palikuwa na ziwa. Udongo ulituama, majivu ya volkano yakaufunika, kisha udongo tena, tabaka juu ya tabaka. Baadaye ardhi ilipasuka na kushuka, na mto wa msimu ukayakata matabaka hayo, kama mito yetu ya Simiyu ilavyo kingo zake wakati wa masika.

Tabaka la chini ndilo lililotangulia. Kanuni hiyo nyepesi, ambayo juu yake husimama elimu yote ya miamba, iliandikwa mwaka 1669 na Mkatoliki, Niels Stensen wa Denmark. Aliongokea Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa padre mwaka 1675, na askofu miaka miwili baadaye. Mwaka 1988 Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri. Natamani jina lake lingejulikana zaidi katika madarasa yetu ya kipaimara.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona huko fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus. Umri wake, miaka milioni 1.75 hivi, ulipimwa kwa majivu ya volkano: ndani yake potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, kwa mwendo unaojulikana. Huko Laetoli, kusini mwa Oldupai, zipo nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Tena, wanasayansi hawasemi kwamba mtu alizaliwa na sokwe; husema kwamba wana asili moja ya mbali. Hata huyo Zinjanthropus hahesabiwi kuwa babu yetu, bali tawi la pembeni lililokoma.

Kanisa linasemaje? Mwaka 1950 Papa Pio XII alifundisha kwamba asili ya mwili wa binadamu yaweza kuchunguzwa na wataalamu, lakini roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitukumbusha kuzingatia namna ya uandishi aliyoitumia mwandishi mtakatifu. Hivyo mfupa hutueleza habari za meno, kimo na mwendo. Hauwezi kutuambia kama mwenye nao alipendwa na Mungu. Mwongoza watalii anayetamka kwamba hakuna Muumba amevuka mpaka wa fani yake, na mhubiri anayepanga umri wa mawe kwa kuhesabu vizazi vya Biblia naye amevuka wa kwake.

Kabla ya safari, katekista asome na vijana sura mbili za kwanza za Kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya kwanza wanyama wanaumbwa kabla ya mtu. Katika ya pili, mtu anatangulia. Aliyeziweka pamoja hakuona haya, kwa sababu hakuwa akiandika kitabu cha jiolojia. Vijana waulizane kila sura inasema nini juu ya Mungu na juu ya mtu, ndipo wapande basi. Wakifika, wasiokote jiwe wala mfupa. Fuvu lenyewe la Zinjanthropus limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.