Tutafuteje Utafiti Kuhusu Maumivu?

Je, kunyonya humpunguzia mtoto maumivu ya sindano ya chanjo? Jibu twaweza kulitafuta PubMed, hazina ya makala za tiba ya Marekani, isiyolipiwa, kwenye intaneti. Tukiandika "pain", yaani maumivu, peke yake, tutazama katika makala tele. Basi tugawe swali: mtoto, kunyonya, sindano, maumivu. Maneno ya maana moja tuyaunganishe kwa OR, na sehemu za swali kwa AND. Tuanze na mapitio yanayojumlisha utafiti mwingi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa watoto wanaonyonya wakichomwa sindano hulia kidogo. Akina mama, wanyonyesheni kabla na wakati wa chanjo.